Miaka minane ya omeprazole, na hakuna aliyeuliza

Mama ana ugonjwa wa figo, hatua ya tatu, na kila asubuhi kabla hajala kitu anameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nimemuona akimeza miaka yote hiyo wala sikuwahi kujiuliza, mpaka juzi kati nikakutana na vichwa vya habari vya "dawa za asidi zinaua figo", nikachanganyikiwa, nikampigia simu nikamwambia mama acha hiyo dawa leo leo.

Kosa la kwanza. Hizi dawa ukizimeza muda mrefu halafu ukakata ghafla, tumbo linalipiza, linamwaga asidi kushinda hata mwanzo. Siku ya nne mama halali, kaegemea mito mitatu, kiungulia kimempanda mpaka kooni, na mimi mjuzi wa kila kitu nikampelekea ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza tumbo, si kila mtu anakunywa bwana. Usiku ndo nikawasha tochi ya simu nikasoma lebo, magnesiamu na aluminiamu. Figo nzima inavitoa kwenye mkojo, figo iliyochoka inavibakiza mwilini, magnesiamu ikizidi misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika, na aluminiamu ndo ile ile iliyowahi kuharibu ubongo na mifupa ya wagonjwa wa dayalisisi. Yaani nimemtoa kwenye dawa inayoshukiwa nikampeleka kwenye inayojulikana kabisa.

Tukaenda kwa daktari wake wa figo. Hakushtuka, aliuliza tu, "Mama, hii omeprazole ulianzishiwa nini?" Kimya. Mama akatazama dari weee, halafu akasema, "Si zile dawa za magoti, daktari."

Kumbe miaka minane nyuma dawa za maumivu zilimchubua tumbo, akapewa omeprazole limpone. Figo zilipogundulika na shida, dawa za maumivu zikapigwa marufuku, omeprazole ikabaki inaandikwa tu kila kliniki. Dawa ambayo kwa kawaida ni ya wiki 4 mpaka 8!

Kuhusu figo zenyewe, ule utafiti wa 2016 uliotisha watu kwamba hizi dawa zinaharibu figo ulifuatilia tu wanaomeza na wasiomeza, na wanaomeza mara nyingi wana maradhi mengine tayari. Jaribio la COMPASS, majibu yake 2019, liligawa watu zaidi ya 17,000 kwa bahati nasibu, wengine pantoprazole, ndugu yake omeprazole, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, kama miaka 3 hivi, tofauti iliyoonekana wazi ikawa maambukizi ya tumbo, sio figo. Ila miaka 3 sio 8, na mtu ambaye figo zake tayari ni nusu simhesabu sawa na mzima, huo wasiwasi wangu sijauacha. Kuna na lile tatizo la figo kuvimba ndani kwa sababu ya hizi dawa, halitokei mara nyingi, lakini linaweza kuja bila homa wala vipele, unaliona kwenye kreatinini tu, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi. Na magnesiamu inaweza kushuka, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya tangu 2011, kwaiyo sasa anapimwa vyote viwili.

Nikauliza basi tumpe famotidine, dawa nyingine ya kupunguza asidi? Daktari akasema inawezekana ila hiyo inatoka kupitia figo, dozi lazima ipunguzwe, la sivyo mzee anaweza kuanza kuchanganyikiwa akili. Akaongeza kwamba mama angekuwa amewahi kutoka damu tumboni na anameza aspirini, yeye daktari asingemwondolea kabisa omeprazole yake.

Kwa mama alishusha kutoka miligramu 20 kwenda 10, baadae siku moja anameza moja anaruka. Wiki mbili za kwanza kiungulia kilirudi kidogo, akawa anakula mapema jioni na kuinua kichwa cha kitanda. Sasa anameza akizidiwa tu.

Ile chupa nyeupe bado ipo kabatini, nimeiandika kwa kalamu nyekundu SIO YA MAMA. Baba ndo anaimalizia.