Mradi wa sanduku la bundi: kinda kaanguka, sanduku navunja naanza upya

Mpaka hapa nilipofika sanduku nililowawekea bundi wazalie humo wanipunguzie panya lilikua juu ya mwembe toka mwezi wa 3 na hakuna bundi aliyeingia, na nilianza kukata tamaa kabisa, mana panya shamba wa huku Morogoro ukichelewa kuvuna mahindi wiki mbili tu unakuta nusu ya shamba imeliwa. Sumu sitaki kuweka. Panya aliyekula sumu zile za kuzuia damu isigande hafi palepale, anazubaa siku kadhaa anatembea ovyo, bundi anamdaka kirahisi na sumu yenyewe inahamia kwake, yaani unamuua yule yule anayekusaidia.

Sasa jumatano asubuhi natoka kuchota maji nakuta watoto wanne wamezunguka kitu chini ya ukuta wa ghala la bibi jirani, mmoja keshashika jiwe. Nikawaambia subirini kwanza wanangu, nikasogea, kinda la bundi!

Miezi yote naangalia mwembe kumbe wako hapo karibu tu, kwenye dari la bibi.

Nilipoinama kumuangalia akashusha kichwa mpaka karibu aguse chini, akatanua mabawa akawa anayumba kushoto kulia huku anatoa sauti kama tairi la baiskeli lililopata pancha, ssssss, bila kupumzika. Uso umeshakua ule wa umbo la moyo, mweupe, macho meusi tii. Mgongoni ana manyoya ya kikubwa ya dhahabu na kijivu yenye vidoa, ila tumboni na mapajani bado ana malaika meupe kama pamba iliyotoka kwenye mto, mengine yamenasa kwenye kucha zake. Nikamkadiria wiki ya 6 kuelekea ya 7, wakati kuruka wanaanza kwenye wiki ya 8 hivi. Huyu ndo bundi wa kwenye madari, Tyto alba, yule ambae mlio wake ni kama mtu anachana sanda ya maiti, na ukishausikia unaelewa kwanini jiwe lilikua tayari mkononi.

Bibi akatoka. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, hicho kitu kiondoe hapa kwangu, babu yako kabla hajafa kilikua kinalia juu ya bati siku tatu. Sikubishana nae, nilimpa pole kwanza, mana babu alikua mtu wangu sana. Baadae nikamuomba ruhusa ya kupanda darini jioni nimrudishe, nikaokota na lile tonge la manyoya na mifupa lililokua chini ya ukuta (bundi anameza panya mzima halafu asichoweza kusaga anakitema) nikaliloweka kwenye bakuli mbele yake. Ndani ya tonge moja tu tulitoa mafuvu manne, matatu ya panya yenye meno ya mbele ya njano na moja dogo limechongoka la kirukanjia. Bibi akayahesabu mwenyewe kwa kidole. Akasema haya panda, lakini fundi anakuja kuziba hiyo siling bodi wiki hii, nikamuomba siku 14.

Mchana kinda alishinda kwenye boksi la karatasi lenye kitambaa chini, gizani, sikumpa chakula wala maji. Kuna wanaosema ukishamgusa mama yake anamkataa, hiyo sio kweli. Tatizo la bundi wa aina hii ni kwamba kinda akiwa chini wazazi kawaida hawamlishi, kwaiyo ukimuacha pale ukidhani mama atakuja unamuacha na njaa. Na kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, achilia mbali kwamba hatajua kuwinda.

Saa 12 jioni nikapanda na ngazi. Ndani kwenye kenchi kuna wenzake wawili, mmoja mkubwa kumzidi na mmoja mdogo bado mweupe mwili mzima, wanapishana hivyo kwa sababu mama anataga kila baada ya siku mbili tatu lakini anaanza kuatamia toka yai la kwanza. Na hapo ndo nikaona kilichomuangusha: wanalala pembeni kabisa ya siling bodi iliyovunjika, hakuna kitu cha kuwazuia, wakigombania panya, mmoja wao anatoka.

Nikalifikiria sanduku langu. Tundu nilitoboa sentimita 12 tu kutoka sakafuni! Kinda angeingia humo angeanguka vilevile, na chini ya mwembe kuna mbwa. Alhamisi nikalishusha nikalivunja. Jipya nimetumia plaiwudi, sakafu 40 kwa 60, tundu sentimita 15, na kutoka ukingo wa chini wa tundu mpaka sakafuni ni sentimita 45 kamili, maranda ya mbao chini, matundu madogo ya kutoa maji. Limepanda jumapili.

Tangu hapo kila usiku nakaa kibarazani na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu. Ijumaa kati ya saa 1 na saa 4 mzazi alileta panya mara 5 na sikusikia bawa hata mara moja, nasikia makinda tu yanakoroma kuomba.

Jana ndo siku ya 11. Saa 1 na dakika 20 kinda wangu akatokeza kwenye bati, akasimama muda mrefuuu, akaruka mpaka kwenye mwembe, kama mita 15, akatua vibaya akaning'inia kwa mguu mmoja halafu akajivuta juu. Bibi alikua amekaa mlangoni kwake anaangalia. Akaniuliza, ni yule yule? Nikamwambia ndio bibi, bado ana malaika kwenye paja la kulia. Akakaa kimya kidogo, akasema basi fundi ntampigia, aje mwezi ujao.