Anataka nilie?

Tangu Jumanne kuna maneno yamenikaa kichwani. Nikiosha vyombo yapo, nikisahihisha madaftari yapo. Wiki yenyewe ilikuwa nzito: tumemzika shangazi wa Mafinga, Baba Neema amepata barua ya uhamisho kwenda Makambako, na hayo mawili sijapata hata muda wa kukaa chini kuyawaza. Ninachokiona kila nikifumba macho ni Mama Zawadi akikunja kanga yake taratibu, ananiuliza, "Mwalimu, yule mgeni anataka nilie?"

Kundi letu la maigizo la Kihesa, hapa Iringa, mnalijua. Kuna mwalimu mstaafu kutoka Songea ambaye hajakata tamaa ya kutufanya tumwigize Mkomanile, yule mama wa Kingoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji. Kuna dada wa Kikinga mwenye duka la vitenge, mama wa Kimasai anayeuza dawa za mizizi stendi, na binti fundi cherehani asiyesikia, ambaye ametufundisha sote lugha ya alama ya kutosha kugombana naye. Na Mama Zawadi, mkulima wa nyanya wa Ilula, ambaye miezi ya kwanza alikuwa anakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri gari.

Jumanne tulipata mgeni. Alikuja kuangalia kama tunastahili kusaidiwa nauli na vifaa vya jukwaani. Mama Zawadi akasema leo anasimama yeye.

Kisa chake ni hiki. Nyanya zikishachumwa hazisubiri, na madalali wanalijua hilo kuliko wakulima wenyewe. Dalali anafika shambani matenga yamejaa, anatikisa kichwa, anasema bei ya Dar imeanguka tangu jana. Utamjibu nini? Bei ya Dar anaijua yeye. Basi msimu mmoja Mama Zawadi akachomoa simu ambayo chaji ilikuwa imekwisha tangu usiku, akaiweka sikioni, akaanza kuongea na mnunuzi wa Soko la Ilala ambaye hayupo duniani. "Yote? Unakuja na Fuso lako mwenyewe? Haya baba, njoo, ila usichelewe, kuna kijana hapa ananisumbua." Hajafika hata kwenye kuagana, dalali akasema, "Mama, kata simu tuongee."

Pale ukumbini simu ilikuwa kipande cha sabuni ya mche. Binti yetu fundi aliigiza dalali: kanga imefungwa tumboni kuwa kitambi, kalamu sikioni, analamba kidole gumba na kuhesabu noti zisizokuwepo. Hakutoa sauti hata moja, na ukumbi mzima ulikuwa chini kwa kicheko. Mama wa Kimasai alijifuta machozi na ncha ya shuka.

Mgeni akapiga makofi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Nzuri, inachekesha. Lakini hakuna mwenye kisa kizito zaidi? Cha kuumiza, ili watu waguswe? Kupigwa, kunyang'anywa, mambo kama hayo."

Nilimjibu kwamba kila mmoja hapa huchagua mwenyewe cha kusema, na leo Mama Zawadi amechagua hiki. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Mama Zawadi hakusema neno mpaka mgeni alipoondoka. Ndipo akaniuliza kama anataka alie.

"Hapana mama," nikasema, "hajakuelewa tu."

"Maana kama ni ya kulia, ninayo. Ila hayo siyo ya kwake."

Alisema hivyo bila hasira, akachukua mkoba wake akawahi gari la Ilula. Mimi ndiye nimebaki na hasira, na sitaki ipoe haraka. Visa vizito tunavyo, tena vingi. Husemwa mlango ukiwa umefungwa, na makubaliano ni kwamba hakitoki ndani mpaka mwenyewe aseme kitoke. Mama akisimulia kipigo mbele ya watu, jioni anarudi nyumba ileile, kwa mume yuleyule, wifi wameshampigia simu. Mgeni yeye anapanda basi. Halafu ni nani alituambia kwamba mwanamke wa kijijini akisimama jukwaani lazima awe ameumizwa, la sivyo hana cha kusema?

Chuoni tulisoma habari za Augusto Boal, Mbrazili wa tamthilia aliyefanya kazi Peru mwaka 1973 katika mpango wa kufundisha watu kusoma na kuandika. Mama mmoja aliwapa waigizaji kisa chake cha kudanganywa na mumewe, na kila walipojaribu mwisho mwingine alikataa: sivyo. Boal akamwambia basi apande mwenyewe. Akapanda na ufagio, na mwigizaji aliyekuwa mume akakiona cha moto. Hapo ndipo palipotoka ule utaratibu tunaoutumia hadi leo, mtazamaji kusema "simama" na kuingia mchezoni. Na kwetu hapa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, kule Mwanza, walianza kwa kuwauliza wanakijiji kinachowasumbua ndipo mchezo ukatungwa. Utaratibu haukuanza leo. Anaulizwa mwenye kisa kwanza.

Jumamosi tukaenda Ilula, kando ya soko, na ndiyo siku niliyotamani mngekuwepo. Mama Zawadi alipotoa ile sabuni tu, akina mama wa nyanya walianza kupiga kelele kabla hajasema neno. Simu ile kila mmoja wao ameshawahi kutamani kuipiga! Katikati ya mchezo msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Simama!" Akachukua nafasi ya Mama Zawadi, akaita wanawake watano kutoka kwa watazamaji, wakasimama mstari mmoja mbele ya dalali wetu: hatuuzi mmojammoja, taja bei ya wote. Makofi. Mama mwingine akamkatiza: na akiondoka, nyanya za jua hili utazila wewe? Ikawa hoja juu ya hoja, hadi dalali wa kweli aliyekuwa nyuma akajitokeza kusema na yeye huko Dar anapunjwa. Wakamsikiliza, kisha wakamzomea kidogo. Hatukufikia jibu. Ila tulipofungasha, bado watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi wanabishana, na Mama Zawadi alikuwa katikati ya kimoja, mkono kiunoni, sabuni bado mkononi.

Mgeni hajapiga simu. Akipiga tutaongea.

Sasa hivi kinachoninyima usingizi ni kingine kabisa. Mama yangu amepiga kutoka Kilolo, wakala wa pembejeo anamwambia namba yake ya ruzuku haionekani kwenye mfumo, na shamba limeshalimwa. Mwaka jana ilionekana bila shida. Mawingu yameanza kukusanyika upande ule, na mbolea ya DAP kwa bei ya kawaida sijui tutaipatia wapi mwezi huu.