Siku Moja Maishani Mwangu: Fremu Tatu za Baiskeli ya Milimani, Pimamaji na Timazi

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua karakana yangu hapa Soweto, Mbeya, wakati malori ya barabara ya Zambia yameshaanza kupanda kuelekea Uyole na baridi ya Juni bado imeshika bati la paa. Kazi ya leo ni moja. Kijana anayeongoza wageni kwa baiskeli katika njia za msitu wa Kawetere ameniachia baiskeli tatu za mitumba alizoazimwa na muuzaji, ili nizipime zote na jioni achague moja. Mbili kati yake, ya bluu na nyeusi, zina kibandiko cha inchi 17, na muuzaji amemhakikishia kwamba kwa sababu hiyo zitamkaa sawasawa. Inchi hizo ni urefu wa bomba la siti peke yake. Hazimwambii mwendeshaji atakuwa amenyooka au amebanwa, wala gurudumu la mbele litakuwa umbali gani mbele yake, na hayo mawili ndiyo yatakayoamua atajisikiaje akiwa juu ya mawe kwenye mteremko.

Saa 1:15 asubuhi

Kabla ya kugusa fremu yoyote napima sakafu. Pimamaji naliweka kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, katika sehemu ile niliyoisakafia upya kwa ajili ya kazi hii. Sakafu ikishuka milimita 10 tu kati ya magurudumu mawili, pembe zote za baiskeli huhama kwa takriban nusu digrii, na nusu digrii ni tofauti ambayo watengenezaji wenyewe huitumia kutenganisha toleo moja na jingine. Ukuta ulio nyuma nao naukagua kwa timazi, kwa kuwa nusu ya vipimo vya leo itaanzia ukutani.

Saa 2:00 asubuhi

Najaza upepo magurudumu yote, nahakikisha foki za shokapu zimenyooka hadi mwisho pasipo mtu juu yake, na nakagua beringi za bomba la kichwa, lile bomba fupi la mbele ambamo foki hupita na kugeukia, zisiwe na mchezo. Baiskeli ya bluu ni ya chuma, ya miaka ya 1990, yenye magurudumu ya inchi 26. Nyekundu ni ya alumini na ina magurudumu ya inchi 27.5. Nyeusi ndiyo mpya kuliko zote, nayo ina magurudumu ya inchi 29. Ukubwa wa magurudumu naupima mwenyewe kuanzia sakafuni hadi katikati ya ekseli, maana tairi nene na tairi nyembamba za inchi zilezile hazitoi kimo kimoja.

Saa 3:00 asubuhi

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Vipimo viwili ninavyovithamini kuliko vingine ni richi na staki. Richi ni umbali wa mlalo kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayobeba krenki, hadi usawa wa katikati ya mdomo wa juu wa bomba la kichwa. Staki ni umbali wa wima kati ya nukta hizo hizo mbili. Ubora wake ni kwamba havitegemei siti imewekwa wapi, hivyo vinaeleza mwili wa mtu aliyesimama juu ya pedali, na hivyo ndivyo anavyokuwa mtu anayeteremka.

Fremu haina mstari wa mlalo wala wa wima wa kuwekea futi moja kwa moja, kwa hiyo natumia ukuta. Nasimamisha baiskeli ya bluu gurudumu la nyuma likiugusa ukuta, naifunga isiyumbe, kisha napima kutoka ukutani hadi katikati ya ekseli ya kati na kupata milimita 755, na kutoka ukutani hadi mdomo wa bomba la kichwa na kupata 1,150. Tofauti yake, 395, ndiyo richi. Kutoka sakafuni ekseli ya kati ipo 295 na mdomo wa bomba 860, kwa hiyo staki ni 565. Kwa nyeusi hesabu ni hiyo hiyo: 801 na 1,256 kutoka ukutani, 310 na 950 kutoka sakafuni, yaani richi 455 na staki 640. Baiskeli mbili zenye kibandiko kimoja cha inchi 17 zimepishana milimita 60 za richi. Naandika namba hizo kwenye daftari na kuzipigia mstari.

Saa 4:30 asubuhi

Pembe ya kichwa, yaani mlalo wa bomba la kichwa ukipimwa kutoka sakafuni, inahitaji uangalifu wa peke yake. Fundi wengi hubandika kipimapembe kwenye uso wa mbele wa bomba la kichwa, lakini fremu nyingi za kisasa zina bomba pana chini na jembamba juu, na uso huo hauendi sambamba na mhimili wa usukani. Mimi huweka kipimapembe kwenye mguu wa juu wa foki ya shokapu, ule unaong'aa, baada ya kukisawazisha kwanza kwenye sakafu ile ile. Halafu nathibitisha kwa timazi: natafuta ni milimita ngapi mguu unasogea mbele katika kila milimita 300 za wima. Digrii 68 hutoa takriban 121, digrii 67 hutoa 127, digrii 66 hutoa 134. Kila digrii moja ni kama milimita sita, kiasi ambacho jicho na rula hukiona bila shida.

Bluu inasoma digrii 71, nyeusi 66, nyekundu 67.

Hiyo ya nyekundu inanisimamisha. Mteja alinitumia jedwali la kiwanda la modeli hiyo kwenye simu, na jedwali linasema 68. Narudia kupima, timazi inatoa 127 tena. Naangalia vipimo vingine: jedwali linasema richi 425 na staki 600, mimi nimepata 415 na 607, na ekseli ya kati iko juu kwa milimita saba kuliko inavyotakiwa. Hitilafu zote zinaelekea upande mmoja, kana kwamba baiskeli nzima imeinuliwa mbele na kuzunguka kwenye ekseli ya nyuma. Napima foki kutoka ekseli hadi taji lake, pale miguu yake miwili inapoungana juu, na kukuta imezidi ile ya kiwanda kwa takriban milimita 20. Mmiliki wa zamani alibadilisha foki ambayo shokapu yake hubonyea milimita 120 akaweka ya 140, na milimita 20 za urefu wa foki huilaza pembe ya kichwa kwa karibu digrii moja. Fremu haina kosa lolote, ila baiskeli iliyosimama mbele yangu si ile ya kwenye jedwali, na anayelinganisha majedwali mezani hawezi kuliona jambo hili.

Saa 7:00 mchana

Nakula wali na maharage kwa mama wa jirani, na mzee mwenye duka la spea ananiuliza, "Binti, baiskeli ya zamani mbona ina shingo ndefu hivyo ya usukani?" Namjibu, "Baba, fremu ilikuwa fupi." Baada ya fundi wa fremu Joe Breeze kutengeneza mwaka 1977, huko Marin, California, fremu zilizokusudiwa tangu mwanzo kwa ajili ya milima, watengenezaji wa miaka ya 1980 na 1990 walizoea pembe ya kichwa ya digrii 71 na ya siti ya 73, na urefu uliokosekana kwenye fremu wakaupatia kwenye shingo, kile kipande kinachounganisha usukani na foki. Bluu ina shingo ya milimita 100, nyeusi ina ya 50. Ukijumlisha kwa makadirio, mikono inafika karibu mahali pamoja, 495 dhidi ya 505, lakini kwenye bluu gurudumu la mbele limebaki nyuma, karibu na miguu. Ndiyo maana umbali kati ya ekseli zake ni 1,040 ilhali wa nyeusi ni 1,193.

Saa 8:15 mchana

Mchana wote naupa ulinganisho. Bomba la juu likipimwa kwa mlalo hadi kwenye nguzo ya siti, nyekundu ina 606 na nyeusi 626, tofauti ya 20 tu; lakini richi zao zimepishana 40. Sababu ni kwamba pembe ya siti ya nyekundu, baada ya kuinuliwa na foki, imelala hadi 72.5, na siti iliyorudi nyuma hurefusha bomba la juu pasipo kurefusha fremu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kinachopotosha wanunuzi kuliko vyote, kwa sababu ndicho rahisi kupima kwa futi.

Pembe ya siti kwa watu wa Mbeya si jambo dogo. Mlima wa asilimia 10 huinamisha baiskeli nzima nyuma kwa digrii 5.7, na anayepanda barabara ya Chunya huketi katika hali hiyo kwa muda mrefu. Siti ikiwa milimita 700 kutoka ekseli ya kati, kila digrii moja ni kama milimita 12 za kurudi nyuma. Nyeusi, yenye digrii 75, inamweka mtu karibu milimita 24 mbele zaidi kuliko bluu yenye 73, na gurudumu la mbele haliinuki kirahisi.

Mwisho nakokotoa treili, yaani umbali ambao mguso wa tairi unabaki nyuma ya mahali mhimili wa usukani unapogonga ardhi. Nachukua nusu kipenyo cha gurudumu mara kosaini ya pembe, natoa umbali ambao ekseli ya mbele imetangulia mhimili wa usukani, nagawanya kwa saini ya pembe. Bluu inatoa 74, nyekundu 100, nyeusi 117. Treili ndefu hutuliza usukani kwenye kasi na mawe. Kwenye mpando wa polepole humtaka mtu awe makini, kwani gurudumu hupenda kupinduka upande mmoja.

Saa 11:00 jioni

Mteja anafika. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu, njoo uone." Namsimamisha juu ya pedali za kila moja kabla ya kumwonyesha daftari, maana nataka mwili wake useme kwanza. Kwenye bluu magoti yake yanakaribia usukani. Kwenye nyeusi anapumua. Ninamweleza waziwazi kwamba akipanda sehemu kali atalazimika kuinama mbele na kushika usukani kwa utulivu, na kwamba kwa kazi yake ya kuteremka na wageni nyuma yake mimi ningechukua nyeusi. Anaichukua. Nasogeza siti mbele milimita tano kwenye reli zake na kukaza boliti za shingo kwa zamu.

Saa 12:20 jioni

Bluu na nyekundu zinarudi kwa muuzaji kesho asubuhi. Kwenye usukani wa nyekundu nafunga kadi yenye maandishi makubwa: foki imezidi ya kiwanda kwa milimita 20, pembe ya kichwa 67, richi 415, staki 607, vipimo vimechukuliwa pasipo mtu juu yake.