Nilivyolimudu neno "interval" la Kiingereza

Kabla sijaandika interval huwa najiuliza: iko kati ya nini na nini? Nikikosa majibu mawili, nalifuta neno na kutafuta jingine. Ndivyo lilivyozaliwa. Kwa Kilatini inter ni kati, vallum ni boma la ngome, na intervallum ilikuwa nafasi iliyobaki kati ya maboma. Swali hilo moja hunimalizia karibu nusu ya kazi.

Kinachotuponza wasemaji wa Kiswahili ni neno muda, maana linabeba mambo mawili. "Alifanya kazi pale kwa muda wa miezi mitatu" ni muda uliojaa shughuli. Hapo Kiingereza kinataka "for three months", au "for a period of three months" ukipenda kurefusha. "Kati ya usaili na barua ya ajira ulipita muda wa miezi mitatu" ni muda ulioachwa kati ya matukio mawili, na hapo ndipo penyewe: "There was an interval of three months between the interview and the offer."

Tazama viungo vya sentensi hiyo. Interval huhesabika, kwa hiyo ikiwa moja inataka an au the. Baada ya between lazima ije and. "Between the interview to the offer" ni kosa. Kama pande zote mbili ni kitu kilekile, wingi unatosha: "between doses", "between visits". Wengi huandika "between each dose", na wahariri wakali huikata, kwa sababu dozi moja haiwezi kuwa na katikati.

Makosa mengi zaidi yako kwenye mambo yanayojirudia. Kila siku nakutana na "at 10 minutes interval". Kuna njia mbili sahihi, na s ndiyo inayohamahama. Ya kwanza ni "at intervals of ten minutes": minutes ina s yake kama kawaida. Ya pili ni "at ten-minute intervals": hapa ten-minute imekuwa kivumishi, hivyo minute inavuliwa s na kuungwa kwa kistari, lakini intervals inabaki na s. Kwa nini wingi? Kwa sababu kengele ikilia tena na tena nafasi zinakuwa nyingi. Nafasi ikiwa moja tu, umoja unarudi: "after a ten-minute interval". Kihusishi cha kujirudia ni at. In hutumika pale muda wenyewe unapokatwa vipande, kama mita inayorekodi matumizi "in 15-minute intervals".

"Kila baada ya dakika kumi" nayo ikihamishwa neno kwa neno inatoa "after every ten minutes", ambayo inasikika kigeni. Mwingereza anasema "every ten minutes", basi. Mbaya zaidi ni "at intervals of every ten minutes", kwa kuwa every na intervals zinafanya kazi ileile. Kwa maoni yangu, popote every inapotosha, itumie na uiache interval ipumzike.

"At intervals" bila tarakimu wala regular maana yake ni mara kwa mara tu, bila ahadi kwamba nafasi zinalingana. Kwenye hadithi inapendeza. Kwenye maelekezo ya kazi ni hatari: ukiandika "check the temperature at intervals", mmoja atapima kila saa na mwingine asubuhi na jioni. Weka tarakimu.

Kuna mtego wa kupanda na kushuka. Ukipunguza interval, jambo linatokea mara nyingi zaidi. Ukiiongeza, linatokea kwa nadra. Frequency inakwenda kinyume chake. Huduma ya gari ikihamishwa kutoka kila kilomita 10,000 hadi kila kilomita 5,000, interval imepungua, ingawa safari za gereji zimeongezeka. Ninapohofia msomaji atageuza maana, naandika "more often" au "less often".

Kuhesabu nako kunataka utulivu. Kengele zikilia saa 2:00, 2:10, 2:20 na 2:30, kengele ni nne ila nafasi ni tatu. Halafu amua unapimia wapi. Kikao cha saa moja kikianza saa 3:00 na kingine saa 5:00, kutoka mwanzo hadi mwanzo ni saa mbili, lakini pengo la kupumzika ni saa moja. "The sessions start at two-hour intervals" ni kweli, na "there is a one-hour break between sessions" ni kweli pia. "Two-hour intervals between sessions" ndiyo itakayomchanganya mtu. Kwenye dawa hupimwa dozi hadi dozi: kila baada ya saa 8 ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Unapotafsiri, saa 8 ya kwanza ni urefu na inabaki "eight hours", saa 8 mchana ni wakati, nayo inakuwa "2 p.m."

Majirani wa neno hili nawatenganisha haraka. Break ni kuacha kazi ili kupumzika. Pause ni kusita kidogo kisha kuendelea. Hiatus ni kusimama kirefu kwa kitu kilichozoeleka kuendelea. Gap mara nyingi ina harufu ya upungufu, kama "a gap in your CV", wakati interval haimlaumu mtu.

Matamshi: mkazo uko mwanzoni, IN-. Ulimi wetu hupenda silabi ya pili kutoka mwisho na kutoa in-TER-val, ambayo haipo.

Uingereza interval ni pia mapumziko katikati ya tamthilia, ambayo Marekani huitwa intermission. Watabiri wa hali ya hewa wa Uingereza nao wana "sunny intervals", vipindi vya jua kati ya mawingu. Kwenye riadha neno limegeuka kabisa. Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler, aliyeusambaza mtindo wa interval training miaka ya 1930, aliuona muda mfupi wa mapumziko kati ya mbio kuwa ndio kiini cha zoezi. Wakimbiaji wa leo huita interval zile mbio zenyewe. Ukikuta "six 400-metre intervals with 90 seconds' recovery", unakimbia mara sita na kupumzika katikati mara tano.