Siku moja steshenari: natafutia watu vitufe vilivyofichwa

Saa 1:30 asubuhi nafungua. Nafagia, naangalia kama LUKU ya umeme ina uniti, nawasha kompyuta zote na printa inayokohoa kabla ya kukubali kazi. Tuko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, kwa hiyo wa kwanza huwa ni wasafiri wenye haraka. Wengi hudhani kazi yangu ni kutoa kopi. Kopi ndiyo sehemu ninayopumzikia. Kazi yenyewe ni kuwaonyesha watu vitu vilivyo mbele ya macho yao na hawavioni.

Saa 3, mwanafunzi anataka kuprinti barua ya maombi. Anahangaika juu ya dirisha la kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, hakuna sehemu iliyoandikwa chochote cha kuprinti. Nambonyezea Ctrl na P, imetoka, hela mezani. Zamani pale juu palikuwa na mstari wa maneno, yaani menyu. Kivinjari cha Internet Explorer 7 kiliuficha mwaka 2006, ukiutaka unabonyeza Alt. Kivinjari cha Chrome kilipotoka 2008 kikaja bila mstari huo, na kingine, Firefox 4 ya 2011, kikafuata njia hiyohiyo kwenye Windows Vista na Windows 7. Siku hizi nusu ya mambo yanaishi ndani ya vitone vitatu au vistari vitatu, pembeni kulia.

Nisiwe mnafiki, mimi naupenda usafi huu wa kioo. Vioo vyetu ni vile vya laptopu ndogo, pikseli 1366 kwa 768, na kila safu ya vitufe inakula fomu ya mteja. Nilizikuta kompyuta za intaneti kafe zilizojaa safu za vitufe ambazo hakuna aliyeziomba, ukurasa wenyewe umebaki na upenyo tu. Hakuna anayetamani kurudi huko. Lakini mimi nina njia za mkato vidoleni. Mzee anayekuja mara mbili kwa mwaka hana.

Saa 5 akaingia mmoja wa hao, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nina shida ndogo tu."

Hakuna sentensi inayonitisha kama hiyo. Alikuwa anamjazia mjukuu wake maombi ya mkopo wa chuo, na hakutaka nimshikie kipanya. "Nielekeze, nifanye mwenyewe." Haya. Akajaza taarifa za mzazi kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, huku akizisoma kwa sauti. Akafika kwenye fomu ya mdhamini, akabofya kuipakua. Kimya. Akabofya tena. Mimi nilikuwa nampiga mtu picha ya pasipoti, nasikia tu kipanya kinalia ta, ta, ta.

Macho yake yalikuwa chini ya kioo, maana yeye alizoea faili likishuka linajipanga pale chini na jina lake kamili. Firefox walihamishia taarifa za upakuaji kwenye kishale cha juu kulia mwaka 2013, Chrome wakafanya hivyo 2023. Kishale ni kidogo kama punje ya mtama na hakina neno. Nikamwambia, "Mwalimu, bonyeza juu kulia." Mkono ukapanda, ukapitiliza, ukatua kwenye alama ya kufunga. Dirisha lote likaondoka.

Nikalirudisha kwa Ctrl, Shift na T, ila mfumo ulitaka aingie upya, na taarifa za mzazi hazikuwepo. Hakuwa amezihifadhi, kwa sababu kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini zaidi na hakujua kama ukurasa unaendelea. Utepe wa kushushia siku hizi ni uzi, na kwingine haujitokezi mpaka usogeze kipanya. Kwenye folda, lakini, fomu ya mdhamini ilikuwepo, imejaa nakala zake zenye namba kwenye mabano.

Namba ya siri ya kuingilia ikatumwa kwa simu ya mjukuu. Mjukuu yuko darasani, hapokei. Foleni imefika mlangoni, mama mmoja anauliza kama duka ni la mzee huyu peke yake.

"Kwa nini wasiandike tu neno?" mwalimu akaniuliza, hana hasira, anataka kujua. Nikamjibu ninavyoelewa: neno linakula nafasi, na linahitaji kutafsiriwa kwa kila lugha, ila kichoro hakitafsiriwi. "Kwa hiyo wote tusielewe sawasawa," akasema, akaanza kujaza upya.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Chipsi zilikuwa zimepoa.

Jioni jioni akaja dada aliyetaka kusajili jina la biashara. Aliandika maneno kwenye kile kisanduku cha juu, ambacho sasa ndicho cha anwani na ndicho cha kutafutia, akabofya kiungo cha kwanza. Kilikuwa tangazo la mtu anayeuza huduma ya kujaza fomu. Hapo ndipo usafi huu unaponiudhi kweli. Kisanduku kimoja ni raha, ila watu wameacha kusoma anwani, na tangu 2019 Chrome haionyeshi hata "https" na "www" za mwanzo wa anwani mpaka ubofye. Kile kichoro cha kufuli pembeni ya anwani, cha kuonyesha kwamba mawasiliano na tovuti yamefichwa, nacho Chrome walikiondoa kwenye kompyuta 2023, na hapo nawaunga mkono, kwa sababu matapeli nao wana kufuli. Kompyuta zetu zote nimebofya kulia kwenye anwani nikachagua ionyeshwe nzima. Bosi anasema inachafua kioo. Ichafue.

Nikafunga barua pepe za watu waliosahau kutoka, nikahesabu hela. Kompyuta ya dirishani inaomba kusasisha kivinjari. Siwezi kuikatalia, watu wanaingilia benki hapa. Nimeiruhusu, na kesho nitawahi kidogo nione wamehamisha nini.