Heat ya 1995 bado haina mpinzani

Nimeirudia filamu ya Heat ya mwongozaji Michael Mann na jamani moyo bado unanienda mbio. Watu wanalalamika eti ndefu, karibu masaa matatu, mambo ya ndoa yamezidi, mi siwakubalii kabisa, maana huyo askari wa Al Pacino nyumbani kwake kunavunjika kwa sababu ya hiyohiyo kazi, ukikata hapo unabaki na risasi tu. Ila pale majambazi wanapotoka benki mchana kweupe katikati ya Los Angeles, aisee! Milio ile ya risasi Mann aliiacha kama ilivyorekodiwa palepale mtaani, hakubandika ya studio, ndo maana inagonga maghorofa na kurudi hadi unajikuta umeinama. Mcheki Val Kilmer anavyobadilisha magazini ya risasi, fasta, hana mbwembwe, waigizaji walinolewa na Andy McNab aliyekuwa komando wa SAS ya Uingereza na inaonekana. Raia wanakimbia ovyo, mtu akipigwa anaanguka basi. Wanaosema Pacino anapiga kelele sana, sawa, kuna sehemu kazidisha. Kwangu Robert De Niro, mkuu wa majambazi, ndo kaibeba, anaongea kidogo lakini unamuogopa.