Siku moja kwenye kituo cha manusura wa ukatili wa kingono

Saa 1:30 asubuhi. Nakagua kabati: dawa za kinga dhidi ya VVU, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, chanjo ya homa ya ini B, mifuko ya karatasi ya kuwekea vielelezo. Na nguo safi za saizi mbalimbali. Hizi wengi huzisahau. Nguo za mtu zikishachukuliwa kuwa ushahidi, ataondoka amevaa nini?

Saa 2:20. Anaingia dada mmoja na rafiki yake. Maelezo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Alifanyiwa ukatili juzi usiku, kwa hiyo saa 72 hazijapita na dawa za kinga bado zitamfaa. Anameza dozi ya kwanza pale pale, na ataendelea kwa siku 28. Vidonge vya kuzuia mimba hutolewa hadi siku ya 5, ila vikiwahi ndiyo bora, navyo anapewa sasa hivi. Ananiomba radhi kwamba ameshaoga. Namwambia hana kosa lolote, matibabu ni haki yake awe ameoga au hajaoga, na huenda ushahidi bado upo.

Saa 3:00. Uchunguzi. Kabla sijamgusa popote namweleza ninachotaka kufanya na sababu yake, kisha nauliza, "Dada, niendelee?" Mikono, sawa. Shingo, sawa. Tunapofika uchunguzi wa ndani anatikisa kichwa. Naweka vifaa pembeni, navua glovu, nakaa. Fomu ya ridhaa ameisaini, lakini saini hiyo anaweza kuitengua wakati wowote. Anakunywa maji. Baada ya muda anasema tuendelee, mradi rafiki yake amshike mkono. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake hatapona kwa kuamuliwa tena, hata kama anayemwamulia ni muuguzi mwenye nia njema.

Nguo yake ya ndani aliyokuja nayo naiweka kwenye karatasi. Plastiki hutunza unyevunyevu, ukaota ukungu na kuharibu vinasaba. Naifunga, naandika tarehe na saa, nasaini. Kila atakayeipokea naye atasaini. Pakikosekana saini moja, wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo.

Saa 5:00. Yuko na mshauri nasaha. Swali linalomtesa ni kwa nini hakupiga kelele. Anaelezwa kwamba mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda, na kuganda si kukubali. Kuhusu polisi, anataka kufikiri kwanza. Kwetu huduma haisubiri karatasi ya polisi, na inaniuma kusikia kwamba kuna mahali manusura bado wanarudishwa wakailete.

Saa 8:00 mchana. Simu za ufuatiliaji. Simu ikipokelewa na mtu mwingine, kituo hakitajwi. Kijana mmoja dawa zinamtia kichefuchefu. Namshauri azimeze baada ya kula na asiziache. Naye alibakwa. Wanaume huchelewa sana kuja, maana wengi hudhani huduma hii haiwahusu.

Saa 10:00. Kikao chetu wahudumu na mwanasaikolojia. Sikikosi. Tunayoyasikia humu ni mazito, na hatuwezi kwenda kuyasimulia nyumbani.

Saa 11:30 jioni. Makabidhiano. Kwenye faili la dada wa asubuhi naandika: arudie kipimo cha VVU wiki ya 6 na mwezi wa 3, apigiwe mchana tu, suala la polisi lisiulizwe mpaka alianzishe mwenyewe.